Dang'a ya Kichuguuni

Mshale ulikuwa umegeuka tena.

Tusekile Mwambungu alikunja uso, akafuta kioo cha kiganjani kwa upindo wa koti, akatazama upya. Alipoamka, mshale mwekundu ulikuwa ukitoka kwenye kichuguu cha bondeni kwenda zizi la Mzee Ambokile, maana yake nguchiro wamemwambukiza ng'ombe. Sasa, hata chai yake haijapoa, mshale mwingine ulikuwa umechipuka kutoka zizini kurudi kichuguuni. Ng'ombe ndiye aliyewaambukiza nguchiro.

"Shahidi gani wewe wa kula huku na huku?" alikiambia kioo. "Amua basi!"

Ukungu ulikuwa umeukalia mgongo wa kilima cha Itungilo, migomba ikidondosha maji kama kawaida ya huko ambako mvua haiombi ruhusa. Kutoka zizini alisikia sauti ya mama yake, Bi Anganile, akigombana na mashine.

"Toa kidole chako hapo! Nimesema kusafisha ni kwako, kukamua ni kwangu. Wewe mkwe gani usiyesikia?"

Aliyekuwa akigombezwa ni Mkono, mashine ya chuma iliyotembea juu ya reli ya zizi, ikizoa mavi na kuosha sakafu. Serikali ilikuwa imefunga mmoja katika kila zizi la kilimani. Bi Anganile aliuita mkwe, kwa sababu, alisema, binti yake amefika umri huu bila kuleta mwanamume nyumbani, na kitu cha kwanza kuingia uani mwake kwa jina la binti huyo ni hicho chuma, tena bila mahari. Tusekile alicheka mara ya kwanza aliposikia. Siku hizi hakuwa na nguvu ya kucheka.

Alikuwa Mtamkaji wa Chanzo, na kazi hiyo ilikuwa imemleta kwao.

Shahidi hakuwa na jicho wala sikio. Alikuwa vumbi. Ndege ilikuwa imelimwaga juu ya kilima mvua zilipoanza, nalo likanasa katika manyoya ya nguchiro na panya buku, katika ngozi za ng'ombe, katika nywele za watu. Kila chembe ilinusa pumzi ya aliyeibeba. Kijidudu cha kifua-kavu, ugonjwa wa wanyama, hubadilika kidogo kila kinapoingia mwili mpya, kama habari inavyobadilika kila inapopita mdomo mwingine, na Shahidi alijua kuisoma habari hiyo nyuma mpaka kwa aliyeianza. Kisha alichora mishale kwenye kioo.

Dawa ya kifua-kavu ilikuwepo, ila chache. Ndipo ikatungwa sheria: aliyeambukizwa atapewa dawa, chanzo kitaondolewa. Chanzo kikiwa ng'ombe, ng'ombe wote wa kilima huchomwa. Chanzo kikiwa nguchiro, kilimani hupelekwa mbegu ya utasa inayopita yenyewe kutoka nguchiro mmoja hadi mwingine, na baada ya misimu michache hapabaki hata unyayo wao. Mashine haikuruhusiwa kuua kwa uamuzi wake. Ilitakiwa binadamu atamke kwa kinywa chake, tena awe mzaliwa wa mahali hapo, ili lisimtoke kwa wepesi. Aliyeitunga sheria hiyo, Tusekile aliwaza mara nyingi, hakuwa na mama kilimani.

Redio ya kiunoni mwake ilikoroma. Alikuwa Bwana Kajiru, mkuu wake, akiwa na gari la dawa darajani.

"Daktari, vipi huko? Watu wa vilima vingine wananipigia kelele. Kesho jua likizama bila tamko, dawa inakwenda kwa wengine."

"Mishale inapingana, bosi. Nadhani vumbi limelowa."

"Vumbi halilowi. Taja nguchiro tulale. Kila mtu kilimani kwenu anasema ni nguchiro."

Hilo lilikuwa kweli. Katika mkutano wa kijiji wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine wakaapa kwamba ni nguchiro. Tusekile aliwauliza kama kuna maziwa yanayotoka zizini yasiende mtungini au kwa ndama. Hakuna, walisema. Aliwauliza kama nguchiro huingia mazizini. Hawaingii, kuna wavu. Ng'ombe je, hutoka? Hawatoki, wanalishwa ndani. Basi ugonjwa unapita wapi? Hapo walitazamana, na Mzee Ambokile, mwenyekiti, akasema, "Ndiyo maana tumesomesha watoto, mama. Mtuambie nyie."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao bila furaha.

*

Adhuhuri alikuja kuitwa mbio. Ng'ombe wa Mzee Ambokile alikuwa akizaa na ndama amekaa vibaya. Kilichotangulia ni mkia.

Tusekile alivua koti njiani. Zizini alimkuta mke wa mwenyekiti, Mama Subilaga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, amemshika ng'ombe shingo akimbembeleza, na Bi Anganile kando yake. Mwanamume hakuwepo hata mmoja. Mkono ulikuwa umesukumwa kona, umefunikwa gunia.

"Mbona mmeufunika?"

"Ana haya mkwe huyo," alisema mama yake. "Ingiza mkono wako, acha maswali."

Aliingiza. Kwa muda hapakuwa na mishale wala sheria, palikuwa na joto la tumbo la ng'ombe na kwato ndogo zilizoteleza vidoleni. Alimsukuma ndama ndani, akaitafuta miguu, akaikunja, akavuta. Ndama alitoka akaanguka juu ya majani, jike, akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele. Tusekile alikaa chini kwenye maji machafu akicheka kwa furaha, jambo ambalo hakulifanya tangu afike.

"Ndaga, daktari wetu," alisema Mama Subilaga akimshukuru. "Sasa nenda ndani ukanawe, ukae."

"Nitasubiri ndama anyonye. Ile dang'a, maziwa ya kwanza, ndiyo kinga yake, asipoipata..."

"Ataipata. Nenda ndani, mwanangu." Mama yake alimshika kiwiko, akamwongoza mpaka sebuleni, na kabla hajajua lililompata, mlango ukafungwa nyuma yake na komeo likashushwa.

Alisimama pale mikono ikimdondoka damu. Harufu ya chumba, giza lile, na komeo vilimkumbusha kitu. Utotoni, kila ng'ombe alipozaa, watoto walifungiwa ndani hivihivi. Waliambiwa ng'ombe ana aibu. Alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, akasoma mpaka akawa daktari wa ng'ombe hasa, na hakuwahi kujiuliza ng'ombe anamwonea aibu nani.

Alisogeza pazia la dirisha la nyuma.

Mama Subilaga alikuwa akiteremka bondeni, kitenge kichwani, ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Nyuma yake alifuata Bi Anganile. Hawakuzungumza. Mbele yao kilikuwa kichuguu kikubwa chekundu kilichozungukwa na majani mabichi, marefu kuliko majani yote ya kilima. Mama Subilaga alipiga magoti. Alimimina kitu kizito, cha manjano, katika kibonde kilichochimbwa chini ya kichuguu, kisha wakarudi nyuma hatua chache wakasimama.

Nguchiro walitoka. Walitoka kila tundu, wengi, wenye mistari mgongoni, wakasimama kwa miguu ya nyuma wakiwatazama wanawake wale wawili kama wageni wanaosubiri mwenyeji aseme karibuni. Kisha wakashuka wakanywa.

Kiganjani mwa Tusekile kioo kikatetemeka. Mshale mwekundu, ng'ombe kwenda nguchiro.

Bado hakuelewa nusu ya pili. Kama ng'ombe anawapa nguchiro, nani anawarudishia ng'ombe? Akamwona mama yake anachomoa mundu kiunoni, anainama, anaanza kukata majani yale mabichi ya kando ya kichuguu, ambayo nguchiro huyasugulia makalio na kuyakojolea ili kila mpita njia ajue ni kwao. Alifunga mzigo, akajitwika. Alikuwa anampelekea ng'ombe wake.

Mishale haikuwa imepingana. Yote ilikuwa kweli, na yote ilipita katika mikono ya mama yake.

*

"Kwa nini hamkusema?"

Walikuwa jikoni, Bi Anganile akimenya ndizi. Hakuinua uso.

"Nani alituuliza? Mliwauliza wanaume. Mwanamume wa Itungilo anajua nini kuhusu dang'a? Anajua bei ya maziwa."

"Mama, hii si mzaha."

"Nani anayefanya mzaha?" Kisu kilisimama. "Kilima hiki kilikuwa chao kabla hatujaleta ng'ombe. Bibi yako aliikuta desturi, mimi nikaikuta. Ya kwanza ni ya wenye kilima, ndama anafuata, sisi mwisho. Wao wanakula nyoka, hawagusi vifaranga vyetu. Mkono mtupu haulambwi. Mchungaji alihubiri kwamba ni ushirikina, basi tukawa tunakwenda kimya. Hiyo ndiyo siri yote."

"Na majani?"

"Majani ya pale yanaongeza maziwa. Hilo hata mchungaji analijua, ng'ombe wake anakula hayohayo."

Tusekile alijishika kichwa. Alimweleza mama yake yote, polepole, bila kumficha kitu: kifua-kavu kiliingia kilimani na ng'ombe fulani wa kununuliwa, kikaenda kichuguuni ndani ya kibuyu, kikarudi mazizini ndani ya mzigo wa majani. Akimtaja ng'ombe, watachomwa wote, na Mbalamwezi, mtamba wa Bi Anganile aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, ataongoza njia. Akimtaja nguchiro, ng'ombe watapata dawa na ugonjwa utakwisha. Utakwisha kweli. Uongo huo ungefanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Bi Anganile aliacha maji ya ndizi yachemke na kufurika motoni.

"Taja nguchiro," alisema.

"Mama."

"Nimekwambia taja nguchiro. Mimi ni mjane, nina mtamba mmoja. Ukiwa na watoto utajua." Kisha akaweka kisu chini, akafunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti ambayo Tusekile hakuisikia hata siku ya mazishi ya baba yake. "Wananijua wale. Nikipita wanasimama. Nimewanywesha kwa mkono huu tangu nilipoolewa, kumbe nawalisha sumu, halafu leo wafe wao?"

Tusekile alitaka kumkumbatia, akatazama mikono yake mwenyewe, akaona damu ya ng'ombe haijatoka kwenye kucha. Alimkumbatia hivyohivyo. Hakujua anambembeleza mama yake au anajibembeleza mwenyewe.

*

Kesho yake mkutano ulijaa mpaka barabarani. Shahidi alihitaji tamko la hadharani. Kioo kiliwekwa juu ya meza ya shule, na sauti ya Bwana Kajiru ikatoka humo ikisoma kifungu cha sheria.

"Mtamkaji, umeona mishale?"

"Nimeiona."

"Umeielewa?"

Hapo alisita. Mstari wa mbele alikaa Mzee Ambokile na mkongojo wake. Nyuma walisimama wanawake, Mama Subilaga akitazama ardhi, na mama yake akimtazama yeye.

"Nguchiro!" kijana mmoja alipaza sauti. "Sema, dada, twende tukakamue!"

Watu wakaitikia. Neno lilikuwa tayari ulimini. Aliona mbegu ya utasa ikishuka kichuguuni, aliona watoto wachache wa nguchiro, kisha hakuna watoto, kisha mama yake akiteremka na kibuyu, akipiga magoti, hakuna anayetoka. Aliona pia moto wa ng'ombe. Alifungua kinywa bila kujua litatoka neno gani.

"Binadamu," alisema.

"Rudia, Daktari," alisema Bwana Kajiru. "Sijakupata."

"Chanzo ni binadamu. Mishale yote inapita mikononi mwetu. Ng'ombe na nguchiro hawajakutana hata siku moja, sisi ndio tunaowakutanisha. Wao wameambukizwa. Wapewe dawa, wote wawili."

"Tusekile!" Sasa mkuu wake alikuwa amesahau vyeo. "Unajua sheria inasemaje juu ya chanzo?"

Alijua. Kwa ng'ombe kulikuwa na kurasa nzima, kwa nguchiro vilevile, na hata kwa popo. Kwa binadamu watungaji waliandika mstari mmoja tu kwa kujaza nafasi, wakiamini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeutumia: atahamishwa hadi mishale itakapokoma. Mashine haina haya. Kioo kikalia mara moja, tamko likapokelewa.

Mzee Ambokile alisimama akitetemeka. "Umetuuza," alisema. "Tumekusomesha kwa maziwa ya kilima hiki, halafu umetuuza kwa nguchiro."

Tusekile alimtafuta mama yake, lakini Bi Anganile alikuwa amekwisha geuka, anapanda njia ya nyumbani peke yake.

Siku ya kuhama magari yalipanga foleni tangu alfajiri. Dawa ilipanda kilimani katika gari moja, watu wakashuka katika mengine. Mikono ya chuma ilibaki kutunza ng'ombe, kuwalisha majani ya shambani, kukamua. Bi Anganile alichelewa. Alikuwa amejifungia zizini na Mkono wake, na Tusekile, akiwa nje na mabegi, alisikia sauti yake ikinong'ona, ikirudia, ikikaripia, ikianza upya. Alidhani anamgombeza mkwe kwa mara ya mwisho. Alipotoka alipita mbele ya bintiye kama anapita nguzo ya umeme.

*

Kambi ilikuwa chini kabisa, kwenye joto la ziwani, ambako watu wa Itungilo walilala bila blanketi kwa mara ya kwanza maishani mwao na wakalalamika kwa hilo nalo. Bi Anganile hakumsemesha mwanawe. Akitaka chumvi alimwambia Mama Subilaga amwambie Tusekile. Wengine hawakumwamkia. Alipopita, mazungumzo yalikatika, na aliona wana haki. Lakini alipofikiria kulitengua neno lake, aliona hapana, asingeweza. Alibaki katikati, hana raha huku, hana raha kule.

Kila jioni alifungua kioo kikubwa cha kambi ili watu wawaone ng'ombe wao. Mishale ilififia. Dawa ilikuwa inafanya kazi mazizini, na nguchiro walikuwa wameila yao ndani ya vipande vya dagaa. Kisha mishale ikaisha yote. Bwana Kajiru alisema bado kidogo, msimu mmoja wa kuhakikisha, kisha mtarudi.

Ndipo Mbalamwezi akashikwa na uchungu.

Kambi nzima ilikusanyika mbele ya kioo. Hata Bi Anganile alikuja, akakaa kwenye kigoda mbali na bintiye. Waliona Mkono ukiteleza juu ya reli, ukipokea ndama kwa vidole vyake vya chuma, ukimfuta pua kwa majani makavu. Vigelegele vilipigwa kwa woga. Halafu Mkono ukachukua kitu kilichokuwa kimetundikwa ukutani, kibuyu, ukachuchumaa ubavuni mwa Mbalamwezi, ukakamua.

Ulifika mwisho wa reli. Tusekile alijua unaishia hapo, mlangoni. Mkono ulitoa kiungo kimoja, kikatoka kingine ndani yake, na kingine, ukajinyoosha nje ya zizi, ukapita juu ya ua, ukateremka bondeni ukiwa umekikumbatia kibuyu, polepole, bila kumwaga tone. Ukamimina.

Nguchiro walitoka wakasimama. Wakatazama kile chuma, huku na huku, kana kwamba wanamtafuta mtu nyuma yake. Kisha wakanywa.

Kwenye pembe ya kioo mshale ulichipuka, mwembamba, wa kijani, usio na ugonjwa, kutoka zizini kwenda kichuguuni. Chini yake, kama ilivyo kawaida kila kitu kinapopita kutoka mwili kwenda mwili, Shahidi akaandika swali lake: Mtamkaji, taja chanzo.

Tusekile alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Hakujua kama wameokoka au wameanza upya.

Kigoda kilikwaruza. Bi Anganile alikuwa amesogea, akakaa kando yake, karibu mpaka magoti yakagusana. Alikitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akamsemesha mwanawe kwa mara ya kwanza tangu kilimani.

"Nilimwambia tu asiwasahau wenye kilima," alisema. "Sasa na mkwe wangu naye atafukuzwa?"

Tusekile alimshika mkono, na kwa ule mwingine akalifunika swali la Shahidi kiooni.